Jeraha Limefunga, Vidole Vinaanza Kukunjamana

Mtoto aliyeungua mkono huruhusiwa kurudi nyumbani jeraha lake likishafunga, na kuanzia siku hiyo wazazi, wauguzi, na mara nyingi daktari mwenyewe, huhesabu kwamba ugonjwa umekwisha. Hesabu hiyo haiendani na tabia ya kovu la moto. Kovu lililotokana na jeraha la kina huendelea kujivuta kwa miezi mingi baada ya ngozi kufunga, likazidi kuwa gumu na fupi, hata vidole vilivyotoka hospitalini vikinyooka vikaja kuonekana mwaka unaofuata vimelala kwenye kiganja au vimepinda kuelekea nyuma. Hali hiyo, ambayo hapa itaitwa mkunjamano, yaani ufupi wa kovu unaozuia kiungo kunyooka au kukunjika kama kawaida, haipaswi kuchukuliwa kuwa ni hatima ya kila mkono ulioungua vibaya, kwa kuwa sehemu yake kubwa hutengenezwa katika kipindi ambacho mtoto hana miadi ya kliniki, hana gango, yaani kishikizo kigumu cha jasi au plastiki, na nyumbani hakuna aliyeelezwa aangalie nini.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kuungua huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na takwimu hiyo ndiyo inayotajwa kila ajali za moto zinapojadiliwa. Takwimu ya vifo haiwezi kuonyesha uzito wa tatizo la mikono. Kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 tu ya ngozi ya mwili wake, kwa hiyo mtoto aliyeungua mkono mmoja, akilazwa katika wodi yenye watoto walioungua kifua na mapaja, huonekana kuwa na jeraha dogo, na zamu yake ya kupelekwa chumba cha upasuaji husogezwa nyuma mara kwa mara. Mpangilio huo una mantiki pale uhai wa mgonjwa mwingine unapokuwa hatarini, lakini ukigeuka kuwa mazoea humnyima mtoto wiki zile ambazo mkono wake ungeweza kuokolewa kwa gharama ndogo.

Namna watoto wa Afrika Mashariki wanavyoungua mikono inatokana na mahali moto ulipo. Chakula cha kaya nyingi hupikwa chini, juu ya mafiga matatu au jiko la mkaa, katika kimo kilekile cha mtoto anayetambaa, na sufuria ya uji au chai huepuliwa na kuwekwa sakafuni ili ipoe. Mtoto anayejifunza kusimama hushika kila kinachomsaidia kuinuka, na akishika jiko au kaa la moto huunguza kiganja na upande wa ndani wa vidole, na huungua kwa kina kwa sababu mtoto mdogo hachelewi kushika ila huchelewa kuachia. Akivuta sufuria, kimiminika humwagikia zaidi mgongo wa mkono. Uji huunguza vibaya kuliko maji yenye joto lilelile, kwa kuwa hunata kwenye ngozi na kuhifadhi joto. Kundi la tatu ni la watoto wenye kifafa kisichotibiwa, ambao huanguka motoni na mkono ukabaki pale hadi fahamu zirudi au mtu atokee. Hao ndio huletwa wakiwa wameungua hadi kwenye kano na mifupa, na pahali pengine wamecheleweshwa kunyanyuliwa na hofu ya kale kwamba kumgusa mwenye degedege ni kuambukizwa. Dawa ya kifafa itolewayo kila mwezi bila kukosa ni kinga ya mikono kwa maana halisi ya neno kinga.

Kina cha jeraha ndicho kinachoamua iwapo kovu litakaza. Ngozi ina tabaka la nje, jembamba, linalojizalisha upya daima, na tabaka la ndani, nene, lenye mishipa ya damu, neva, vinyweleo na vifuko vya jasho. Moto ukiishia tabaka la nje au juu ya lile la ndani, seli zilizobaki kando ya vinyweleo na vifereji vya jasho huzaliana na kuifunika sehemu iliyoungua, na jeraha hufunga ndani ya wiki mbili bila kovu la kusumbua. Moto ukishuka zaidi, akiba hiyo ya seli hupotea, jeraha hufunga kwa kutegemea kingo zake, na muda huvuka wiki tatu. Hapo ndipo mwili hutumia njia yake ya dharura ya kusogeza kingo zikaribiane kwa nguvu. Kazi hiyo hufanywa na seli ziitwazo miofibroblasti, ambazo Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza mwaka 1971 baada ya kuona kwamba zinatengeneza nyuzinyuzi za kolajeni kama seli nyingine za kovu na wakati huohuo zina uwezo wa kujivuta unaofanana na ule wa misuli. Kwenye mgongo au paja, ambako ngozi imelegea na viungo viko mbali, mvuto huo hufunga jeraha na kuacha alama tu. Mkononi, ambako kila sentimita ya ngozi imepimwa kwa ajili ya mwendo fulani, mvuto huohuo huondoka na kidole. Jeraha likichelewa kufunga, seli hizo hubaki nyingi na kwa muda mrefu zaidi, kovu likawa jekundu au jeusi sana, nene na lenye mwasho, na huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kutulia.

Ndiyo maana saa ya kwanza nyumbani ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya mkono kwa dakika 20 hupunguza kina cha jeraha, na bado husaidia hata yakitumiwa ndani ya saa tatu tangu ajali. Dawa ya meno, unga wa ngano, mayai mabichi, mafuta ya kupikia na manyoya ya sungura, ambavyo vyote hupakwa au kubandikwa kwa nia njema, havitoi joto lililokwisha kuingia, huleta vijidudu, na humlazimu muuguzi kumsugua mtoto ili aone jeraha lenyewe. Mzazi anayefanya hivyo hastahili kukaripiwa pale kaunta. Amefanya alichofundishwa na waliomlea, na karipio la leo ndilo litakalomfanya asirudi kliniki mwezi ujao, wakati kurudi huko ndiko kunakohitajika zaidi.

Kiganja na mgongo wa mkono hukakamaa kwa namna mbili zinazopingana, na kutozitofautisha ni kosa linaloonekana mara nyingi katika hospitali za wilaya. Ngozi ya mgongo wa mkono ni nyembamba na imelegea ili mtu aweze kukunja ngumi; ikiungua na kuvimba, kifundo cha mkono huinama, viungo vya kwanza vya vidole, vile vinavyochomoza mtu akikunja ngumi, huvutwa kwenda nyuma, viungo vya kati hupinda kwenda mbele, na kidole gumba huvutwa kubanana na kiganja. Mkono huo huitwa mkono wa kucha za ndege, na asiyeuona ukitengenezwa hawezi kuamini kwamba ulianza na uvimbe wa siku tatu. Sababu yake iko ndani ya viungo. Ligamenti, yaani mikanda migumu inayofunga mfupa na mfupa, zilizo ubavuni mwa viungo vya kwanza vya vidole, hunyooka kikamilifu kiungo kikiwa kimekunjwa na hulegea kikiwa kimenyooshwa. Zikiachwa zimelegea kwa wiki kadhaa hufupika, na kuanzia hapo kidole hakikunjiki hata ngozi mpya ikiwekwa. Kwa hiyo mkono ulioungua mgongoni hufungwa gango huku kifundo cha mkono kimeinuliwa nyuzi 20 hadi 30, viungo vya kwanza vimekunjwa nyuzi 70 hadi 90, viungo vinavyofuata vimenyooshwa kabisa, na kidole gumba kimetengwa mbali na kiganja.

Kiganja kilichoungua huhitaji kinyume chake: mkono mzima hunyooshwa, vidole vikapanuliwa na kutenganishwa, kiganja kikawa bapa. Mtoto mwenye maumivu hukunja ngumi, kwa kuwa ngumi ndiyo inayompunguzia maumivu, na mkao unaompa nafuu leo ndio umbo atakaloishi nalo kesho endapo hakuna mtu atakayeuzuia. Bandeji inayofunga vidole vyote pamoja kama fundo moja huongeza hatari nyingine, kwa sababu nyuso mbili zenye vidonda zikigusana hushikana, na ngozi ya katikati ya vidole husogea mbele kuelekea kwenye kucha. Kila kidole hufungwa peke yake, na chachi ikapita kati ya kimoja na kingine. Kazi hii huchukua dakika chache zaidi kuliko kuzungusha bandeji moja. Haihitaji mashine wala daktari bingwa, na mkunga au mganga wa zahanati aliyeonyeshwa mara moja anaweza kuifanya vizuri.

Somo hili la mkao wa vidole lilipatikana kwa gharama kubwa katika historia ya upasuaji, na historia hiyo ina tawi lake Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1925, Edward Davidson wa Detroit alipopendekeza asidi ya taniki, ambayo ni kemikali itumikayo kulainishia na kuhifadhia ngozi za wanyama viwandani, hospitali nyingi zilipaka kemikali hiyo juu ya majeraha ya moto ili kuyafunika kwa gamba gumu. Gamba hilo lilipunguza upotevu wa maji mwilini na kuonekana kuwa ushindi, hadi marubani wa Uingereza walioungua mikono katika Vita vya Pili vya Dunia walipoletwa East Grinstead kwa mpasuaji Archibald McIndoe, naye akaona kwamba vidole vilivyopakwa dawa hiyo vilikauka katika mkao mbaya, huku marubani walioangukia baharini wakipona vizuri zaidi. Aliipinga asidi ya taniki, akaweka mabafu ya maji ya chumvi, na vidole vikachezeshwa tangu mapema. Mwaka 1957 McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood aliyekuwa akifanya upasuaji Nairobi na Tom Rees wa Marekani, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege ambayo leo inajulikana kama Amref, na wazo lake lilizungumzwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Waasisi wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Inasikitisha kwamba eneo lililopokea urithi huo mapema kiasi hicho bado lina wilaya nyingi ambamo gango la mkono wa mtoto ni jambo geni.

Hatua nyingine kubwa ililetwa na Zora Janžekovič, daktari wa mji wa Maribor katika Yugoslavia ya wakati huo, ambaye mwaka 1970 alichapisha maelezo ya njia yake ya kukata ngozi iliyokufa tabaka kwa tabaka katika siku za mwanzo na kupandikiza ngozi papo hapo, badala ya kungoja gamba lidondoke lenyewe baada ya wiki nyingi. Kwa mgongo wa mkono ulioungua kwa kina, njia hiyo imekubalika karibu kila mahali penye damu salama, dawa ya usingizi na kisu cha kuchunia ngozi. Kwa kiganja mambo ni tofauti. Ngozi ya kiganja ni nene, haina nywele, imeshikamana na nyuzi za chini ili vitu visiteleze, na ina vifereji vya jasho vinavyoshuka kina kirefu, kwa hiyo huweza kujiponya pale ambapo ngozi ya mahali pengine ingeshindwa. Wapasuaji wengi huipa wiki mbili hadi tatu ikiwa ndani ya gango kabla ya kuamua, na huamua kwa uangalifu, kwa sababu ngozi iliyotoka pajani au kinenani haina hisi ile ya kiganja, na kwa watoto weusi huacha doa jeusi katikati ya kiganja cheupe ambalo mtoto hulificha maisha yake yote. Ngozi ya upande wa ndani wa unyayo, mahali pasipokanyaga ardhi, ni ya aina moja na ya kiganja, na ingefaa itumiwe zaidi kuliko inavyotumiwa sasa.

Linalomtenga mtoto na mtu mzima katika jambo hili ni kukua. Mfupa wa kidole hurefuka, kovu halirefuki kwa kasi hiyo, na mkono uliopandikizwa vizuri akiwa na miaka 2 hubanwa tena akiwa na miaka 5 na tena anapovunja ungo au kubalehe, kama mwili wa mwaka huu ndani ya nguo ya mwaka juzi. Kovu likiachwa livute kwa miaka, madhara hayabaki kwenye ngozi: viungo hukua vikiwa vimepinda, vichwa vya mifupa hupoteza umbo, kano hufupika, na mishipa ya damu ya kidole nayo huwa mifupi, hivi kwamba mpasuaji akikinyoosha kwa mara moja kidole kilichopinda kwa miaka minane, kidole hupauka na kinaweza kufa. Kinachotibika kwa mkato mmoja katika mwaka wa kwanza huweza kuhitaji upasuaji mara tatu katika mwaka wa nane, na matokeo yake yakawa duni zaidi.

Hapa ndipo penye mjadala wa kweli miongoni mwa wataalamu. Kanuni ya zamani husema kovu lisikatwe kabla halijatulia, yaani kabla halijalainika na kupoteza wekundu wake, kwa kuwa kukata kovu lenye shughuli nyingi huleta damu nyingi na kovu jipya. Kanuni hiyo ni sahihi kwa kovu la shavuni au la mkononi ambalo linasumbua kwa sura tu. Kwa kidole cha mtoto kinachozidi kupinda licha ya gango na mazoezi, kungoja miaka miwili ni kubadilisha tatizo la ngozi kuwa tatizo la kiungo, na uzito wa hoja uko upande wa wale wanaofungua mapema. Mkanda mwembamba wa kovu wenye ngozi nzuri pembeni hutibiwa kwa mkato wenye umbo la herufi Z, ambao hubadilishana pembetatu mbili za ngozi. Pembe zikiwa nyuzi 60, urefu wa mstari huongezeka kinadharia kwa asilimia 75. Kovu pana halina ngozi ya kuazima pembeni, kwa hiyo hukatwa kati, vidole vikanyooshwa, na pengo lililojitokeza, ambalo karibu kila mara ni kubwa kuliko familia ilivyotarajia, likajazwa ngozi ya unene kamili. Aina hii ya ngozi, ambayo John Reissberg Wolfe wa Glasgow aliitangaza mwaka 1875, hujivuta kidogo baadaye kuliko ile nyembamba ichunwayo pajani, na kwa kidole cha mtoto tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya upasuaji mmoja na mfululizo wa upasuaji.

Hata hivyo mkato bora hupotea ndani ya miezi sita ukikosa ufuatiliaji, kwa kuwa ngozi iliyopandikizwa nayo hujivuta. Gango la usiku kwa miezi kadhaa, kusugua kovu kwa mafuta mepesi mara kadhaa kwa siku, kunyoosha vidole hadi kovu lipauke kidogo, na glavu ya kubana pale inapopatikana, ndiyo matibabu yenyewe, na kuyaita nyongeza ni kuyapotosha. Kambi za upasuaji ambazo huleta wapasuaji wageni kwa wiki mbili zimewanyoosha watoto wengi vidole, na kazi iliyofanywa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara kwa ushirikiano wa Watanzania na Waholanzi imeonyesha kwamba upasuaji wa mikunjamano unawezekana kijijini na huongeza matumizi ya kiungo. Lakini kambi inayoondoka pamoja na ujuzi wake, ikaacha bandeji bila mtu wa kuitazama, huwa imefanya nusu ya kazi iliyo rahisi zaidi. Wataalamu wa utengemao, ambao hufundisha mwili kurudia kazi zake, ni wachache na wamejazana mijini, na hospitali inayomwajiri mmoja wao katika wilaya huenda ikaokoa mikono mingi kuliko inayonunua taa mpya ya chumba cha upasuaji.

Gharama ya kukosa huduma hiyo hubebwa na mtoto mezani na darasani. Katika jamii ambazo mkono wa kulia ndio wa kula, kusalimia na kupokea, mtoto aliyeunguza mkono huo hutumia wa kushoto na kuonywa na watu wasiojua sababu. Penseli humponyoka, vifungo vya shati humshinda, na hucheleweshwa kuandikishwa shule kwa madai kwamba apone kwanza. Sera ya Tanzania huwasamehe watoto walio chini ya miaka 5 malipo ya matibabu katika vituo vya umma, nayo ni sera yenye huruma, ila ugonjwa huu hauifuati mipaka yake: mtoto huungua akiwa na mwaka mmoja na nusu, hutibiwa jeraha bila malipo, halafu mkunjamano hukomaa na kuhitaji upasuaji anapokuwa na miaka 6 au 7, wakati msamaha umekwisha na baba au mama ameshatumia akiba yote kwa nauli. Msamaha unaofuata ajali badala ya umri, ukamlinda mtoto aliyeungua mkono hadi mifupa yake iache kukua, ungekuwa mzigo mdogo kwa hazina, kwa kuwa watoto wenyewe si wengi kama wa malaria na upasuaji wa mapema hugharimu kidogo.

Ufuatiliaji wenyewe hauhitaji vifaa vya bei. Mkono wa mtoto ukilazwa juu ya karatasi na kuchorwa kwa kalamu kuzunguka vidole siku jeraha linapofunga, mchoro huo ukabandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, na zoezi likarudiwa kila mwezi kwa miezi sita, kila baada ya miezi mitatu hadi miaka miwili itimie, kisha mara moja kwa mwaka hadi mtoto amalize kukua, muuguzi yeyote ataona kidole kinachoanza kushindwa kufika kwenye mstari wake wa mwezi uliopita, na atampeleka kwa mpasuaji wakati mkanda wa kovu bado ni wa ngozi peke yake.